Mahakama imeniachia, aliyenisingizia naye nimwachie?

Shikamoo Mama Wakili,

Nina miaka 41, ni baba wa watoto watatu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, kwa hiyo nivumilie kama maneno hayakai sawa.

Nilikuwa mtunza ghala kwenye kampuni ya vipuri kwa miaka 9. Sikuwahi kupewa hata barua ya onyo. Siku moja meneja wangu aliniletea hati ya kupokelea mzigo nisaini, na mzigo wenyewe haukuwepo. Nikamwambia siwezi kusaini kitu ambacho sijakiona. Alikasirika. Kesho yake nikamwandikia mwenye kampuni ujumbe kumweleza. Akanijibu "nimeona", basi.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa jioni wakati nafunga, meneja huyo huyo alinipigia simu niwatolee wateja wake betri 38 za magari, akasema ankara ataleta Jumatatu. Nikamwambia bila saini yake sitoi. Akashuka mwenyewe, akasaini kwenye daftari la kutolea mizigo, gari likapakia likaondoka. Mlinzi wa getini aliandika namba ya gari kwenye kitabu chake.

Ankara haikuja. Mwisho wa mwezi stoku ikahesabiwa, betri 38 hazipo. Meneja akaenda polisi, akaandika maelezo kwamba ghala liko chini yangu, funguo ninazo mimi, na yeye hajui betri zimekwenda wapi. Nilikamatwa Alhamisi asubuhi mbele ya wafanyakazi wenzangu. Nililala mahabusu hadi Jumatatu mchana. Mpelelezi nilimwambia kuhusu daftari tangu siku ya kwanza. Akasema hayo utayaeleza mahakamani.

Kesi ilikwenda miezi 17. Nimepoteza hesabu ya tarehe nilizoambiwa upelelezi haujakamilika. Kazi nilifukuzwa wiki ile ile niliyokamatwa. Mke wangu ni fundi cherehani, aliuza cherehani zote mbili tumlipe wakili. Mwanangu wa pili aliulizwa shuleni kama baba yake ametoka jela, na mimi jela sijafungwa hata siku moja.

Siku ya ushahidi wakili wangu aliomba lile daftari, kumbe polisi walikuwa wamelichukua muda wote huo na lilikuwa kwenye jalada lao. Lilipopokelewa kama kielelezo, akampa meneja ukurasa wa Ijumaa ile, akamuuliza, "Hii saini ni ya nani?" Meneja alikaa kimya muda mrefu mpaka hakimu akamwambia ajibu. Akasema, "Inafanana na yangu." Mashahidi wa upande wa mashtaka walipokwisha, hakimu akasema sina kesi ya kujibu, niko huru. Ni miezi 5 sasa.

Kazi sipati. Kila ninapoomba wananiuliza kwa nini niliondoka kule. Meneja bado yupo kazini. Wiki iliyopita kampuni imeniita, wakanipa karatasi nisaini kwamba nikipokea kifuta jasho chao sitadai kitu chochote tena, kwao wala kwa mtu wao yeyote. Wamenipa siku 10. Pesa yenyewe hata cherehani moja hainunui.

Mama yangu anasema nimwachie Mungu. Shemeji anasema nimuanike meneja mtandaoni, picha na jina. Yule wakili anasema kesi ya madai inawezekana lakini anataka malipo mapya na mimi sina. Mama, naweza kumshtaki mtu huyu? Au kuachiwa kwangu ndiyo haki yangu yote?

Mtunza Ghala

*

Marahaba mwanangu. Pole, na pole ya pekee umfikishie mama watoto.

Kabla ya yote, karatasi ile usiisaini. Siku 10 ni zao, hazikufungi wewe. Hakuna sheria inayosema ukikaa kimya mpaka siku ya 11 umepoteza haki yako, lakini ukisaini unaweza kuipoteza saa hiyo hiyo, tena dhidi ya kampuni na meneja kwa pamoja, maana wameandika "mtu wao yeyote". Mazungumzo ya kulipana nje ya mahakama si kitu kibaya, na kesi nyingi za namna hii huishia huko. Ila yafanyike wakili akiwa ameisoma karatasi, na wewe ukiwa unajua thamani ya unachokiachia.

Na shemeji mwambie asante, lakini picha ya meneja isiende mtandaoni. Leo wewe ndiye uliyekosewa. Ukimwita mwizi mbele ya watu kesho atakushtaki kwa kumchafulia jina, na badala ya kudai utakuwa unajitetea.

Sasa swali lako. Ndiyo, kuna njia. Sheria inayaita madai ya kushtakiwa kwa hila: mtu aliyekusukumia kesi ya jinai bila sababu ya msingi na kwa nia ovu anaweza kudaiwa fidia katika mahakama ya madai. Hukuniandikia uko nchi gani, lakini katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, mambo ya kuthibitisha yanafanana sana. Lazima uoneshe kwamba mdaiwa ndiye aliyekuletea kesi, kwamba kesi iliisha kwa faida yako, kwamba hakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, kwamba alikuwa na nia ovu, na kwamba umeumia kwa ajili hiyo. Vyote vitano. Kimoja kikianguka, madai yote yameanguka.

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, na nimewaona wakijikwaa kwa miaka mingi. Wanakuja na uamuzi wa kuachiwa huru wameushika mkononi wakidhani huo wenyewe ni ushindi wa kesi ya pili. Sivyo. Hakimu aliyekuachia aliulizwa swali moja, kama upande wa mashtaka umeleta ushahidi wa kutosha kukutaka ujitetee. Akajibu hapana. Jaji wa madai ataulizwa swali lingine kabisa: siku ile meneja alipoingia kituo cha polisi, alikuwa anajua nini? Mtu anaweza kukushtaki kwa makosa, ukaachiwa huru, na bado usimdai kitu, kwa sababu siku ile aliamini kweli, na alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni wewe. Sheria inamlinda mtu wa namna hiyo kwa makusudi, na mimi naona ni sawa imlinde. Tusipomlinda, hakuna atakayethubutu kuripoti wizi.

Kipimo kinachotajwa mpaka leo kilitolewa Uingereza mwaka 1878, na kwa lugha yetu ya kawaida kinakwenda hivi: je, mshitaki mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba mtu huyu ana hatia, na je, kwa mambo aliyoyajua, mtu yeyote mwangalifu angefikia imani hiyo? Angalia kwamba ni vitu viwili. Imani ya kweli moyoni, na msingi wa imani hiyo. Kukosekana kimojawapo kunatosha.

Sasa rudi kwenye ule ukurasa wa Ijumaa.

Meneja aliwaambia polisi kwamba hajui betri zimekwenda wapi. Daftari linasema alisaini zitoke. Si kwamba alikuwa na taarifa pungufu, au alidanganywa na mtu mwingine, au hesabu zilimchanganya. Yeye ndiye aliyeshuka, yeye ndiye aliyeshika kalamu. Katika kesi nyingi za namna hii mdai anahangaika kuingia ndani ya kichwa cha mdaiwa akitafuta alichoamini, na hakuna mlango. Wewe mlango unao, na una tarehe, idadi ya betri na saini. Na lile jibu lake, "inafanana na yangu", liko kwenye mwenendo wa kesi, limeandikwa na hakimu kwa mkono wake au kuchapwa, na alilitoa akiwa ameapa.

Usidhani wakili wake atakaa kimya, lakini. Nitakwambia atakachosema, ujiandae.

Kwanza atasema, "Mteja wangu aliripoti tu. Waliomkamata ni polisi, waliofungua mashtaka ni waendesha mashtaka wa serikali." Utetezi huu umewaokoa wengi, na mara nyingi kwa haki. Lakini mwaka 1995 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, liliamua kesi ya mwanamume aliyesingiziwa na jirani yake jambo la aibu. Polisi hawakuwa na namna ya kujua ukweli isipokuwa kwa kumsikiliza mlalamikaji, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa ni neno lake dhidi ya neno la mshtakiwa. Baraza likasema mtu anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi, juu ya mambo anayoyajua yeye peke yake, kiasi kwamba afisa hawezi kufanya uamuzi wake huru, huyo ndiye mshitaki hata kama jina lake halipo kwenye hati ya mashtaka. Mahakama nyingine zinazofuata mfumo huo huutazama uamuzi ule kama mwongozo.

Lakini hapa pana mwiba kwenye kesi yako na sitakuficha. Mpelelezi ulimwambia kuhusu daftari, na polisi walikuwa nalo. Wakili wa meneja atasema basi polisi walikuwa na nafasi ya kuchunguza wenyewe, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wao. Jibu lako litategemea daftari lilifika kwa polisi lini, kabla hujafikishwa mahakamani au baada, na nani aliwapa. Mtafute aliyelitoa ofisini na tarehe aliyolitoa. Kuna hati ya kukamata mali ambayo polisi huandika wanapochukua kitu. Hiyo karatasi moja inaweza kuamua nani ni mdaiwa wako wa kweli.

Pili atasema, "Alisahau. Anasaini mambo mengi." Mwezi haukuwa umekwisha tangu asaini. Betri 38 si bisibisi moja. Tena kitabu cha getini, kile cha mlinzi, kinaonesha gari lilitoka saa ngapi. Sijaona kwenye barua yako kama kitabu hicho kilifika mahakamani. Kama hakikufika, kitafutwe. Mlinzi kama bado yuko kazini pale usimfuate getini kumbembeleza, utamtia matatani na ushahidi wake utasemwa umeupika. Wakili ndiye atakayeomba mahakama imwite.

Tatu atasema hakukuwa na chuki. Hapo sheria haimaanishi chuki ya kukunjiana uso. Nia ovu hapa ni kutumia kesi ya jinai kwa lengo lingine mbali na kutaka mhalifu apatikane, mfano kumziba mtu mdomo, kumkomoa, au kumsukumia mzigo ili wewe usiulizwe. Ule ujumbe uliomwandikia mwenye kampuni kuhusu mzigo ambao haukuwepo, na jibu lake la "nimeona", ni dhahabu. Kama bado uko kwenye simu yako, usiufute, usibadilishe simu hovyo, na mpe wakili auone ukiwa ndani ya simu yenyewe na si picha yake tu. Jaji anaweza kusema nia ovu inaonekana kutokana na kukosekana kwa sababu ya msingi, lakini halazimiki. Ujumbe ule unamrahisishia.

Kuhusu nani wa kumdai, wengi huandika majina yote wanayoyakumbuka, kuanzia askari hadi mwendesha mashtaka. Mimi nakushauri uwe mchoyo. Meneja, ndiyo. Kampuni, ndiyo, kwa sababu alikwenda polisi kama meneja wao juu ya mali yao, na mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyoyatenda katika kazi yake. Na ukweli ni kwamba kampuni ndiyo yenye uwezo wa kulipa. Waendesha mashtaka waache. Katika nchi nyingi wana kinga juu ya uamuzi wao wa kushtaki. Marekani, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1976 kwamba kinga hiyo ni kamili. Serikali kwa ajili ya polisi, ongeza tu ikiwa karatasi zitaonesha walikuwa na daftari mikononi kabla ya kukufikisha mahakamani wakalifumbia macho. Kama walidanganywa, nao ni mashahidi wako.

Zile siku ulizolala mahabusu ni dai lingine, usilichanganye na hili. Katiba ya Kenya inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ikiruhusu siku ya mahakama inayofuata kama muda umeishia nje ya saa za kazi. Uganda ni saa 48. Alhamisi asubuhi hadi Jumatatu mchana ni zaidi ya saa 96. Katika dai la kuzuiwa isivyo halali mzigo unageuka: wewe unaonesha tu kwamba ulizuiwa, na aliyekuzuia ndiye anayepaswa kuonesha kwamba alikuwa na haki. Ni dai rahisi zaidi kulithibitisha, lakini kwa kawaida muda wake huanza kuhesabiwa tangu ulipokuwa mahabusu, na hausubiri kesi iishe. Kwako imeshapita miezi zaidi ya 22. Inawezekana kabisa dai hilo limeshakufa, na inaniuma kwa sababu hakuna aliyekwambia wakati ule.

Dai kubwa, la kushtakiwa kwa hila, muda wake huanza siku kesi ilipoisha kwa faida yako, kwa hiyo umetumia miezi 5. Muda wenyewe unatofautiana mno. Uingereza ni miaka 6. Kenya ni miaka 3 dhidi ya mtu binafsi au kampuni, lakini ni miezi 12 tu dhidi ya serikali. Uganda dhidi ya serikali ni miaka 2. Tanzania ukitaka kuidai serikali lazima kwanza utoe taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Kwa hiyo usihesabu miaka kwa kusikia ya mwenzio wa nchi nyingine. Na lile la kufukuzwa kazi lina saa yake pia, fupi zaidi. Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na aliyechelewa huomba aongezewe muda kwa kueleza sababu. Muulize wakili siku hiyo hiyo utakayomwona.

Kuna wasomaji watakaosema, mimi sikufika hata kwenye uamuzi, niliambiwa tu mkurugenzi wa mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri. Msikate tamaa mapema. Kwa kawaida kesi iliyoondolewa inaweza kuhesabika kuwa imeisha kwa faida ya mshtakiwa, ilimradi haikuondolewa kwa sababu mlipatana au ili ifunguliwe upya. Marekani swali hili lilifika Mahakama ya Juu, na Aprili 2022, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba anayewadai polisi chini ya Katiba yao kwa kushtakiwa hivyo anatakiwa kuonesha tu kuwa kesi iliisha bila yeye kutiwa hatiani. Si lazima aoneshe kwamba mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia. Na mnaoishi kwenye nchi za mfumo wa Kifaransa, njia yenu ni nyingine: kumsingizia mtu kwa mamlaka huku ukijua ni uongo ni kosa la jinai lenyewe. Ufaransa adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5 na faini ya euro 45,000.

Pesa ya wakili. Najua ndiyo iliyokufanya uandike. Nchi nyingi zina sheria ya msaada wa kisheria, Kenya tangu 2016, Tanzania tangu 2017, na zipo taasisi na wasaidizi wa kisheria wanaomsikiliza mtu bila malipo. Hata wasipoibeba kesi nzima watakuandikia barua ya madai, na barua nzuri ya madai yenye ule ukurasa wa Ijumaa ndani yake inaweza kubadilisha kabisa kiwango cha kifuta jasho. Kuna nchi, Marekani ikiwa mfano mkubwa, ambako wakili anaweza kukubali kulipwa sehemu ya fidia ukishinda, na kuna nchi ambako mapatano hayo yamekatazwa, kwa hiyo asikuahidi kienyeji. Na uulize jambo hili ambalo watu hawaliulizi: nikishindwa, nitalipa gharama za upande wa pili? Katika nchi za mfumo wa Kiingereza jibu la kawaida ni ndiyo. Ndiyo maana nimekwambia uwe mchoyo wa majina. Kila unayemuongeza bila ushahidi ni wakili mwingine ambaye unaweza kumlipia.

Fidia yenyewe ina mizizi mirefu. Tangu mwaka 1698 mahakama za Uingereza zinatambua aina tatu za madhara katika kesi hizi: jina la mtu, mwili na uhuru wake, na mali yake. Yako yote matatu yapo, ila jaji halipi machozi ambayo hayakuandikwa. Risiti za wakili. Barua ya kufukuzwa kazi. Hati za mishahara ya miezi ya mwisho. Karatasi ya mauziano ya cherehani, na kama haikuwepo, mnunuzi aliyezinunua aandike sasa kwamba alinunua na lini. Majibu ya waajiri waliokukataa, hata ya kwenye simu. Mama watoto naye anaweza kutoa ushahidi wa mlivyoishi. Usimwache nyumbani siku hiyo.

Na mtoto. Chukua nakala ya uamuzi, nenda shuleni, mwombe mwalimu wake akae nawe dakika tano asome ule mstari unaosema huna kesi ya kujibu. Usimtume mtoto akajieleze mwenyewe. Niliwahi kumwona baba mmoja amefanya hivyo, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kanisani, na mwalimu mkuu alimsindikiza mpaka getini.

Nakala ndiyo inayonileta kwenye jambo la haraka kuliko yote, hata kuliko wakili. Lile daftari ni la nani? Ni mali ya kampuni. Kesi ikiisha, na muda wa rufaa ukapita bila upande wa mashtaka kukata rufaa, kwa kawaida vielelezo hurudishwa kwa mwenyewe. Maana yake ni kwamba ukurasa ule unaweza kuwa njiani, au umeshafika, kwenye kabati la mtu ambaye asingependa uonekane tena. Wameshaanza kukuletea karatasi za kusaini, kwa hiyo wanalifikiria jambo hili. Labda daftari wanalifikiria pia.

Jumatatu asubuhi nenda masijala ya mahakama iliyokuachia. Beba namba ya kesi. Andika barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, mwenendo mzima wa kesi, uamuzi, na vielelezo vyote, ukitaja daftari kwa namba liliyopewa kama kielelezo. Uliza pia kama upande wa mashtaka umekata rufaa. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Kama daftari bado lipo, mwambie wakili au msaidizi wa kisheria aombe mahakama isilitoe mpaka shauri lako la madai lifunguliwe. Kama limeshatoka, uliza lilisainiwa na nani, tarehe ngapi, na upewe nakala ya ukurasa huo wa rejista, maana hapo kampuni itakuwa na wajibu wa kulitoa ikiitwa, na jaji atataka kujua liko wapi ikisema halipo.

Ukishatoka masijala niandikie tena, uniambie umekuta nini.

Mama Wakili